Swali la Kwanza Lisiwe "Kitambulisho Chako Kiko Wapi?"



Leo naandika kuhusu polisi. Najua ni mambo ambayo wengi wetu tunayaongea kwa sauti ya chini, tena mlango ukishafungwa. Lakini kaa kwa kinyozi, kaa kwenye mstari wa chakula, au subiri mechi ianze kwenye kibanda cha video, utasikia. Huyu alipigwa rungu kwenye kiwiko, mpaka leo mkono haunyooki. Yule alizungushwa kwenye gari usiku mzima mpaka ndugu zake wakatuma pesa kwa simu. Dada mwingine alishikwa sehemu asizotaka kuzitaja, eti anasachiwa. Kila mtu ana stori yake au ya jirani yake.

Sasa uliza swali dogo tu: ni ngapi kati ya stori hizo zimeandikwa mahali? Zenye tarehe, saa, jina la kituo, namba ya askari? Hapo utakuta watu wanaangalia chini.

Wako wanaosema kwamba wakimbizi hawalalamiki kwa sababu hawajui haki zao. Basi wanatuletea semina. Tunakaa siku mbili, tunapewa soda na fulana, tunafundishwa kwamba tuna haki. Semina si mbaya. Lakini mimi naona tatizo letu liko kwingine. Wengi tunajua kabisa kwamba kupigwa bila sababu ni makosa. Tunachoogopa ni swali la kwanza tutakaloulizwa tukifika kulalamika: "Kitambulisho chako kiko wapi?"

Hoja yangu leo ni hiyo moja. Mpaka malalamiko kuhusu polisi yatenganishwe na makaratasi ya ukimbizi, sheria zote nzuri zilizoandikwa zitabaki kwa wengine. Sisi tutabaki na stori.

Njia ya malalamiko ilivyo kwetu

Tuchukue kijana mmoja wa mfano. Ametoka kambini bila barua ya ruhusa, amekwenda mjini kutafuta kibarua. Usiku anakutana na doria. Anapigwa, ananyang'anywa simu na pesa, anaachwa. Asubuhi anaambiwa na marafiki, "Nenda ukaripoti."

Akaripoti wapi? Kituo kilicho karibu ndicho wanakotoka waliompiga. Akifika kwenye kaunta, kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, anaombwa kitambulisho. Hana. Au anayo kadi ya mkimbizi, lakini inaonyesha anatakiwa kuwa kambini, siyo hapo. Hapo hapo mambo yanageuka. Aliyekuja kama mlalamikaji sasa ni mtuhumiwa. Bahati yake ikiwa nzuri, anafukuzwa. Ikiwa mbaya, analala ndani kwa kosa la kutoka kambini bila ruhusa.

Tuseme amepita hapo. Sasa anahitaji fomu ya polisi ili daktari aandike majeraha yake, ile inayoitwa P3 kule Kenya, au PF3 kwa ndugu zetu walioko Tanzania na Uganda. Fomu hiyo inatoka wapi? Kituo cha polisi. Yaani ili uthibitishe kwamba polisi amekupiga, unaanza kwa kumwomba polisi karatasi. Mwenyeji mwenye wakili na mjomba serikalini anahangaika na hili. Je, mtu ambaye hata kusimama pale kwenye kaunta ni hatari kwake?

Ndiyo maana watu wanaamua kunyamaza. Mimi siwalaumu. Wamepiga hesabu, na hesabu yao ni sahihi. Kunyamaza kunagharimu simu moja na maumivu ya wiki mbili. Kulalamika kunaweza kugharimu kila kitu.

Sheria inasema nini

Nitaeleza zaidi kuhusu Kenya, kwa sababu katika nchi zetu hizi ndiyo iliyojaribu kujenga chombo cha raia cha kuchunguza polisi, na kuna kesi za kujifunza.

Chombo hicho hakikuja bure. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya iliwaka moto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Panga na mishale ilitumika sana na raia, lakini bunduki nyingi zilikuwa mikononi mwa polisi. Tume ikasema wazi kwamba polisi hawawezi kuachiwa wajichunguze wenyewe. Kutokana na hayo, na Katiba mpya ya 2010, ikapitishwa sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, wengi tunaiita IPOA. Ilianza kazi mwaka 2012.

Mwaka huohuo wa 2011 ilipitishwa pia Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi. Jedwali lake la sita linahusu matumizi ya nguvu. Naomba kila kijana ajue mambo haya matano yaliyomo:

Kwanza, askari anatakiwa kujaribu njia zisizo za nguvu kabla ya kutumia nguvu, na nguvu yenyewe ilingane na kosa na upinzani anaokutana nao.

Pili, akimjeruhi mtu, lazima ahakikishe anapata matibabu mara moja, na ndugu zake wajulishwe.

Tatu, nguvu yake ikisababisha kifo au jeraha kubwa, lazima IPOA iarifiwe.

Nne, askari aliyevaa sare lazima awe na jina au namba yake ya kazi mahali inapoonekana.

Tano, na hili wengi hawalijui: kusema "niliamriwa na mkubwa wangu" si kinga kama amri yenyewe ilikuwa kinyume cha sheria.

Haya hayakubuniwa Kenya. Mwaka 1990, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana, nchi za dunia zilikubaliana kanuni za matumizi ya nguvu na silaha kwa walinzi wa sheria. Humo imeandikwa kwamba silaha ya moto ni ya kuokoa uhai tu pale njia nyingine zimeshindwa, na kwamba mtu aliyeumizwa, au familia yake, awe na njia ya kufikia uchunguzi ulio huru.

Angalia maneno yanayotumika. Kifungu cha 29 cha Katiba ya Kenya kinachokataza ukatili na mateso kinasema "kila mtu". Hakisemi kila Mkenya. Sheria ya IPOA nayo haisemi mlalamikaji awe raia. Malalamiko yanaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, na Mamlaka inaweza kuanza kuchunguza yenyewe hata kama hakuna aliyekuja kulalamika. Maneno hayo mawili, "kila mtu", ndiyo kitambulisho chetu pale. Shida ni kwamba karatasi inasema kila mtu, lakini kaunta inauliza wewe ni nani.

Chombo cha nje kinaweza kufanya nini

Wako wanaosema, "Hata ukilalamika, hakuna askari anayefungwa." Mara nyingi ni kweli. Lakini si mara zote.

Agosti 2014, huko Kinango, kaunti ya Kwale, polisi waliingia usiku kwenye nyumba ya familia ya kawaida kijijini wakimtafuta mtu mwingine. Msichana wa miaka 14 akapigwa risasi akafa. Polisi walisema aliwashambulia kwa panga. Mtoto wa miaka 14, usiku, nyumbani kwao. Kama ingekuwa zamani, maelezo hayo yangeandikwa kwenye kitabu cha matukio na mambo yangekwisha pale. Mwili ulikuwa tayari umezikwa.

Safari hii walikuja watu wasio polisi. IPOA ilichunguza, mwili ukafukuliwa, ukafanyiwa uchunguzi wa kitabibu. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu maafisa wawili kifungo cha miaka 7 kwa kuua bila kukusudia. Ilikuwa mara ya kwanza kesi iliyochunguzwa na Mamlaka hiyo kufikia hukumu ya namna hiyo.

Miaka 7 ni mingi au michache, kila mtu atasema lake. Ninachotaka tuone ni kwamba familia ile haikuwa na jina kubwa wala pesa. Tofauti ililetwa na mtu wa nje aliyekuwa na mamlaka ya kuuliza maswali, na aliyekataa kukubali maelezo ya kwanza.

Kusipokuwa na wa nje

Sasa twende Rwanda, kwenye kambi ya Kiziba, wilaya ya Karongi. Wakongomani wenzetu wako pale tangu 1996. Wako vijana waliozaliwa pale, wakaoa pale, wakapata watoto pale. Mwanzoni mwa 2018 chakula kilipunguzwa kwa robo kwa sababu pesa za wafadhili zilipungua. Februari mwaka huo, watu wengi wakatoka kambini wakatembea mpaka mjini Karongi, wakalala nje ya ofisi ya UNHCR. Walikaa pale hadi tarehe 22, siku ambayo polisi walitumia mabomu ya machozi na risasi.

Polisi walisema waandamanaji walikuwa na mawe na vyuma na kwamba askari waliumia. Hesabu ya kwanza waliyotoa ilikuwa watu 5 waliokufa. Baadaye UNHCR ilisema 11. Human Rights Watch ilisema si chini ya 12. Ona jambo hilo tu: hata idadi ya maiti haikukubaliwa.

Waliokamatwa ni zaidi ya 60, na wote ni wakimbizi. Baadhi walishtakiwa na kufungwa. Mwaka mmoja baadaye, Human Rights Watch ikaandika kwamba hakuna afisa aliyejulikana kuwajibishwa.

Sitaki kusema kwamba kila aliyekuwa pale Karongi alikuwa malaika. Pengine mawe yalirushwa. Lakini ndiyo maana ya uchunguzi: utuambie nani alirusha jiwe, nani alifyatua risasi, kutoka umbali gani, nani alitoa amri, na kama kulikuwa na njia nyingine. Aliyerusha jiwe ashtakiwe kwa jiwe lake. Aliyefyatua risasi naye aeleze risasi yake. Pale ambapo upande mmoja tu ndio unaofikishwa mahakamani, watu wanajifunza kwamba maisha yao hayahesabiki. Somo hilo halifutiki kwa semina.

Na sisi tujue kwamba siku kama hiyo inaweza kurudi popote. Chakula kinaendelea kupunguzwa kambi nyingi. Machi 2025 watu waliandamana Kakuma kwa sababu hiyohiyo, risasi zikafyatuliwa, watu wakapelekwa hospitali. Pale ambapo njaa, umati na bunduki vinakutana, uchunguzi wa baadaye unatakiwa uwe umeshapangwa kabla.

"Lakini kulalamika kunaua"

Kuna mtu ataniuliza, "Wewe unatuambia tulalamike, unajua yaliyompata Willie Kimani?" Najua, na sitalificha.

Willie Kimani alikuwa wakili Nairobi, anafanya kazi na shirika la International Justice Mission. Mteja wake alikuwa mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na afisa wa polisi mwaka 2015 akaamua kulalamika IPOA. Baada ya kulalamika, akaanza kubambikiwa kesi moja baada ya nyingine. Tarehe 23 Juni 2016, wakitoka mahakamani Mavoko, wakili, mteja wake na dereva wa teksi walitekwa. Miili yao ilipatikana mtoni baada ya wiki moja hivi, Ol Donyo Sabuk.

Watu watatu, kwa sababu mmoja wao alilalamika kuhusu askari. Hilo ndilo linalotisha.

Lakini kesi haikuishia pale. Wakiwa wamefungiwa kwenye kituo kidogo cha polisi, ujumbe uliandikwa kwenye karatasi ya chooni ukatupwa nje, ukaokotwa, familia ikapigiwa simu. Mawakili wa Kenya wakaacha kazi, wakaandamana. Kesi ikachukua miaka 6. Julai 2022 Jaji Jessie Lesiit akawatia hatiani maafisa watatu na mpasha habari wao mmoja. Februari 2023 afisa mkuu katika mauaji hayo akahukumiwa kifo, wengine vifungo vya miaka 20 hadi 30.

Mimi kutoka hapo nachukua mambo mawili. La kwanza, asitokee mtu wa shirika akamwambia kijana wetu "nenda kalalamike" halafu akamwacha aende peke yake. Huo si ushauri, ni kumtupa. Bila ulinzi wa shahidi, malalamiko yanaweza kuwa hukumu ya mlalamikaji. La pili, karatasi ndogo inaweza kusema wakati mwenyewe hayupo tena. Kwa hiyo tuandike.

"Sisi ni wageni, tutulie"

Hii tunaambiwa na wazee wetu wenyewe. Mgeni hachagui chakula, mgeni anatulia. Nawaheshimu wazee, wameona mengi kuliko mimi, na wengi wao wanatulinda. Lakini wazee wangu, kuomba usipigwe si kuchagua chakula.

Na historia inaonyesha kwamba mkimbizi anaweza kusimama mbele ya sheria bila nchi kuanguka. Mwisho wa 2012, baada ya mashambulizi ya guruneti Eastleigh, polisi waliwaandama wakimbizi wa Nairobi kwa wiki 10 hivi. Human Rights Watch ilikusanya ushuhuda wa vipigo, ubakaji na kutozwa pesa, ikautoa Mei 2013. Wakati huohuo serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Kituo cha Sheria, pamoja na wakimbizi waliokuwa wakiishi Nairobi, wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja akaibatilisha amri ile.

Aprili 2014 msako mwingine ukaja, maelfu ya watu, hasa Wasomali, wakapelekwa kwenye uwanja wa Kasarani. Safari ile IPOA ilikwenda kuangalia, na Julai ikatoa ripoti yake kuhusu operesheni hiyo. Sisemi ripoti ile ilimrudishia mtu simu yake. Nasema kwamba mambo yale yameandikwa na chombo cha serikali yenyewe, hakuna anayeweza kusema hayakutokea.

Halafu kuna hoja kwamba polisi wana kazi ngumu, wachache, mishahara midogo, nao wanauawa. Ni kweli. Wako askari waliotusaidia mipakani, waliobeba watoto wetu, wanaotulinda dhidi ya majambazi wa kambini. Lakini askari mwema ndiye wa kwanza kuumizwa na mwenzake mbaya, kwa sababu sisi tukiona sare tunakimbia zote. Kumwajibisha mmoja kunawasafisha wengi.

Tunachodai

Nisimalize kwa kulalamika tu. Haya ndiyo mapendekezo yangu.

Kwa vyombo vinavyosimamia polisi. Ndugu zetu wa Kenya wana IPOA, yenye ofisi Nairobi na mikoani, ikiwemo Garissa iliyo karibu zaidi na Dadaab. Uganda kuna Tume ya Haki za Binadamu, ambayo mahakama yake ya ndani inaweza kuamuru fidia, na kuna sheria ya 2019 inayomfanya afisa wa umma awajibike yeye binafsi akivunja haki ya mtu. Tanzania kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Vyote hivi nguvu zao hazilingani. Lakini vyote vinaweza kufanya jambo moja bila kusubiri bunge: vitangaze hadharani kwamba anayeleta malalamiko kuhusu polisi hataulizwa hati za ukimbizi, na habari zake hazitapelekwa kwa polisi wa kituo kile wala kwa uhamiaji. Halafu vije kambini siku maalumu, vikae shuleni au kwenye ofisi ya jamii, wala siyo kituoni, vikiwa na wakalimani wa Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali na lugha nyingine zinazohitajika.

Kwa mashirika. Mtu wetu akija na jeraha la rungu, mnampa dawa, mnampa ushauri nasaha, mnaandika kwenye kompyuta, mnafunga faili. Asante kwa dawa. Lakini faili lile likifungwa, yule askari kesho yuko barabarani. Tunajua mnaogopa: shirika linalopiga kelele linaweza kunyimwa kibali. Sasa hatuombi kelele. Tunaomba utaratibu. Kila jeraha linalodaiwa kutokana na polisi, kama mwenyewe amekubali, liende kwa chombo cha usimamizi kwa barua ya shirika, kila mwezi, kwa fomu ileile. Likiwa jambo la kawaida la kila mwezi, halina mtu mmoja wa kulipiziwa kisasi. Kliniki zenu ziandike majeraha siku hiyohiyo na maneno ya mgonjwa mwenyewe kuhusu kilichomjeruhi, hata kabla ya fomu ya polisi. Na katika bajeti ya ulinzi, wekeni fungu la kumhamisha shahidi haraka. Pesa za semina moja ya hotelini zinaweza kuokoa familia moja.

Kwa polisi wenyewe. Anzeni na lile jepesi: jina au namba kifuani, mchana na usiku. Mkuu wa kituo ambaye vijana wake wanaficha namba anajua wanakwenda kufanya nini.

Na sisi vijana. Tukio likitokea, ndani ya saa 24 iandikwe: siku, saa, mahali, gari na namba yake, sare za namna gani, namba ya askari kama ilionekana, maneno yaliyosemwa, majina ya walioona. Piga picha ya jeraha leo, na tena baada ya siku tatu, maana michubuko hubadilika. Tunza karatasi za hospitali na risiti. Video ibaki kwenye simu kama ilivyopigwa. Ukiituma WhatsApp inapunguzwa ubora na kupoteza taarifa zake. Usikimbilie kuiweka mtandaoni yenye sura za mashahidi, utawachoma wenzako kwa ajili ya kupendwa na watu wasiokujua. Kila bloku iwe na vijana wawili wanaoaminika, mmoja wa kike, wanaojua kuandika taarifa ya namna hii na kuitunza mahali salama, hata kama mwenye jeraha bado hajawa tayari kulalamika. Akiwa tayari baada ya mwaka mmoja, karatasi itakuwepo.

Tena tuache ile tabia ya kumtafuta yule jamaa wa kati anayejuana na kituo, anayechukua pesa za familia "kumaliza maneno". Kila tunapomlipa, tunaweka bei kwa anayefuata.

Haya si mambo ya kuigeuza dunia. Ni kaunta moja, swali moja. Mtu aliyeumizwa akifika, aulizwe kwanza: "Umeumia wapi? Nani alikuumiza? Ilikuwa saa ngapi?" Kitambulisho kinaweza kusubiri, jeraha halisubiri.